Simu ya Vitufe: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mtwara na Lindi

Majibu haya ni kwa ajili ya mtu mzima aliyepewa simu ya zamani ya vitufe, au aliyekaa nayo miaka mingi akiitumia kupokea tu, ambaye sasa anataka kuitawala mwenyewe bila kumwita mjukuu au jirani kila mara. Simu tunazozizungumzia ni kama Nokia 1100 iliyotoka mwaka 2003, Nokia 1280, Nokia 105 ya mwaka 2013, na simu ndogo za Itel na Tecno ambazo wengi huziita vitochi. Maneno ya menyu hutofautiana kidogo kati ya simu na simu, lakini mpangilio wake unafanana, na aliyeizoea moja haimchukui muda kuizoea nyingine. Tunasisitiza jambo moja katika majibu yote: vitufe vibonyezwe na mwenye simu. Anayebonyezewa leo atabonyezewa na kesho, na mara nyingi huishia kumtajia mtu mwingine namba yake ya siri.

Je, simu ya zamani namna hii bado inafaa, au nimepoteza fedha zangu?

Inafaa, ilimradi mambo mawili yawe sawa. La kwanza ni mtandao. Simu hizi hutumia mawimbi ya kizazi cha pili, yaani 2G, ambayo hubeba sauti, meseji na menyu za fedha, na hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo vitatu kinachohitaji intaneti. La pili ni namba ya utambulisho wa simu, IMEI, yenye tarakimu 15. Andika *#06# na namba hiyo itatokea yenyewe kabla hujabonyeza kitufe cha kupiga. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu zenye IMEI bandia, kwa hiyo unaponunua simu iliyokwisha kutumika, iwe sokoni Masasi au kwa mtu unayemfahamu, itume namba hiyo kwa meseji kwenda 15090 usubiri jibu linalotaja aina ya simu. Jibu likitaja simu ya kampuni nyingine, tofauti na jina lililoandikwa kwenye simu uliyoishika, usiinunue.

Wapo wanaoona haya kuitoa simu hii mbele za watu, nami sioni sababu ya haya hiyo. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipita kwenye pwani yetu na barabara ya kwenda Dar es Salaam ikakatika upande wa Kilwa. Siku chache baadaye nyaya za baharini zikapata hitilafu na intaneti ikadhoofika nchi nzima. Katika siku za namna ile, simu ambayo chaji yake inafika siku ya tatu, yenye redio ndani na isiyotegemea intaneti kupiga wala kutuma meseji, ndiyo simu ya kuwa nayo nyumbani.

Laini yangu ni ndogo kuliko nafasi ya laini kwenye simu. Niiwekeje?

Laini za siku hizi hutoka kwenye kadi zikiwa zimechanjwa saizi tatu, moja ndani ya nyingine, na simu ya zamani huhitaji ile kubwa zaidi. Kama bado una fremu ya plastiki iliyobaki ulipoichomoa laini, irudishe laini ndani yake kisha uweke vyote pamoja. Kama umeitupa, fundi wa simu atakuuzia fremu kwa bei ndogo. Usiisukume laini ndogo peke yake kwa kubahatisha, kwa sababu huteleza, hukwama ndani na kupinda pini za shaba, na matengenezo ya pini hizo hugharimu zaidi ya fremu yenyewe. Zima simu, toa betri, weka laini upande wa shaba ukitazama chini na kona iliyokatwa ikilingana na mchoro uliopo kwenye simu, kisha rudisha betri.

Vitufe ni vingi. Nianze na vipi?

Anza na vinne tu. Kitufe cha kijani hupiga na kupokea. Chekundu hukata simu, na ukikibonyeza popote ulipopotea ndani ya menyu hukurudisha mwanzo bila kuharibu chochote. Viwili vilivyobaki ni vile vilivyo chini kidogo ya kioo, kushoto na kulia, ambavyo havina kazi moja ya kudumu: kazi yake ni ile inayoandikwa juu yake kwenye kioo kwa wakati huo. Kioo kikiandika neno la kuchagua upande wa kushoto, kitufe cha kushoto huchagua. Kikiandika neno la kurudi upande wa kulia, cha kulia hurudisha nyuma. Wanaojifunza wengi hukwama hapa, kwa sababu hutazama vitufe bila kutazama kioo. Nokia 1100 ni tofauti kidogo, kwani haina kijani wala chekundu, bali ina kitufe kimoja kikubwa katikati kinachofanya kila kinachoandikwa juu yake, na kitufe cha C cha kufuta na kurudi.

Siku ya kwanza ingia kwenye menyu, zunguka, kisha utoke kwa kitufe chekundu, na urudie hivyo mpaka kidole kizoee. Kutazama menyu hakukati salio, na simu haiharibiki kwa kutazamwa.

Simu imegoma, kila ninachobonyeza inakataa. Imeharibika?

Vitufe vimejifunga ili visijibonyeze mfukoni. Kwenye Nokia nyingi bonyeza kitufe cha menyu kisha nyota. Kwenye Itel na Tecno nyingi, shikilia nyota kwa muda kidogo. Ukiwa na dharura huna haja ya kufungua vitufe kwanza, kwa kuwa namba ya dharura 112 inaweza kupigwa hata vikiwa vimefungwa. Namba ya zimamoto na uokoaji ni 114.

Mtoto amechezea simu na maneno yamegeuka lugha nisiyoijua. Nirudishe vipi Kiswahili?

Usisome maneno, fuata picha na nafasi. Ingia kwenye menyu, tafuta picha ya gurudumu lenye meno au ya spana, ambayo ndiyo mipangilio, kisha mipangilio ya simu, na ndani yake lugha. Katika orodha ya lugha kila lugha huandikwa kwa jina lake lenyewe, kwa hiyo utalitambua neno Kiswahili likiwepo. Si kila simu ina Kiswahili, ingawa nyingi zilizouzwa Afrika Mashariki zinacho. Njia nyepesi ya kufika ni kutafuta mtu mwenye simu ya aina hiyohiyo, mkaziweka mbili pamoja, naye akabonyeza yake polepole wewe ukimfuata kwenye ya kwako.

Nihifadhi majina kwenye laini au kwenye simu?

Kwenye laini huingia majina yapatayo 250, kila namba kwa jina lake, nayo huhama pamoja na laini ukibadilisha simu. Kwenye simu huingia mengi zaidi, lakini simu ikifa hufa nayo. Kwa mwenye simu ya zamani nashauri laini, na zaidi ya hapo nashauri daftari: namba kumi unazozitegemea, za watoto, za mjumbe wa nyumba kumi, za zahanati na za bodaboda unayemwamini, ziandikwe kwa kalamu na zikae nyumbani.

Kuhifadhi ni rahisi mtu akishakupigia. Fungua orodha ya simu zilizoingia, simama juu ya namba yake, bonyeza kitufe cha kushoto, chagua kuhifadhi, andika jina. Kuhusu jina lenyewe, kumbuka kwamba kioo ni kidogo na huku kwetu akina Juma na akina Zuhura ni wengi. Andika neno la kuwatofautisha, kama "Juma Newala", "Juma Mashine" au "Zuhura Mikindani". Namba ianzishwe kwa +255 badala ya sifuri, ili uweze kuipiga hata ukiwa nje ya nchi. Alama ya kujumlisha hupatikana kwa kubonyeza nyota mara mbili haraka kwenye Nokia, au kwa kushikilia sifuri kwenye simu nyingine nyingi.

Naandikaje meseji? Herufi tatu kwenye kitufe kimoja zinanichanganya.

Hapa ndipo kwenye mazoezi mengi kuliko penginepo, nasi tutakwenda taratibu. Kila kitufe kuanzia 2 hadi 9 kina herufi tatu au nne. Kukibonyeza mara moja kunaleta herufi ya kwanza, mara mbili ya pili, mara tatu ya tatu. Tuchukue neno "Habari". H ni herufi ya pili kwenye kitufe cha 4, kwa hiyo bonyeza 4 mara mbili. A ni 2 mara moja. Sasa inakuja B, ambayo nayo iko kwenye 2, na ukiendelea kubonyeza papo hapo simu itadhani unaibadilisha ile A. Subiri kidogo mpaka kijistari kinachowaka kisogee mbele, ndipo ubonyeze 2 mara mbili upate B. Subiri tena, bonyeza 2 mara moja upate A nyingine. R ni 7 mara tatu, na I ni 4 mara tatu. Neno hili tumelichagua kwa makusudi kwa kuwa lina herufi tatu zinazofuatana kwenye kitufe kimoja. Ukiliweza hili, mengine mengi yatakuwa mepesi.

Nafasi kati ya maneno hutolewa na kitufe cha sifuri kwenye simu nyingi. Nukta na alama ya kuuliza ziko kwenye kitufe cha 1. Kitufe cha reli, yaani #, hubadilisha herufi kubwa kuwa ndogo, na ukikishikilia hukupeleka kwenye tarakimu. Ukikosea, kitufe cha kulia au cha C hufuta herufi moja moja.

Kuna kero moja ambayo wengi hudhani ni ubovu wa simu: unabonyeza herufi za Kiswahili, kioo kinaandika maneno ya Kiingereza yasiyoeleweka. Hiyo ni kamusi ya kubashiri maneno, ambayo katika simu hizi mara nyingi haikijui Kiswahili. Izime. Ukiwa ndani ya ujumbe, bonyeza reli mara mbili kwenye Nokia, au bonyeza kitufe cha kushoto utafute sehemu ya kamusi uiondoe. Ikishazimwa, kidole chako ndicho kitakachoamua.

Ujumbe mmoja hubeba herufi 160 pamoja na nafasi zake, na ukizidisha simu huukata vipande, kila kipande kikitozwa kama ujumbe kamili. Kwenye pembe ya kioo kuna tarakimu zinazopungua kadiri unavyoandika, na hizo ndizo za kutazama. Kuandika kifupi hakuhitaji kukata maneno mpaka yasisomeke. "Mama anaumwa tupo Ligula njoo leo" imetosheleza na ina nafasi ya kubaki.

Alama ya bahasha inawaka juu ya kioo na meseji mpya haziingii.

Nafasi ya meseji imejaa. Laini hubeba meseji chache tu. Futa za zamani, hasa za matangazo, lakini kwanza nakili kwenye daftari namba za miamala ya fedha unazozihitaji.

Nataka kengele iniamshe saa kumi alfajiri. Nikiandika 10, inalia mchana. Kwa nini?

Simu haihesabu saa kama tunavyohesabu sisi. Yenyewe huanza siku usiku wa manane, nasi huanza jua linapochomoza, na tofauti ni saa sita. Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ongeza sita: saa moja asubuhi ni 07:00, saa saba mchana ni 13:00, saa kumi na mbili jioni ni 18:00. Kuanzia saa saba usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri, toa sita: saa saba usiku ni 01:00, saa kumi alfajiri ni 04:00, saa kumi na moja ni 05:00. Zinabaki saa za mwanzo wa usiku: saa moja usiku ni 19:00, saa mbili ni 20:00, na kuendelea mpaka saa tano ambayo ni 23:00, kisha saa sita usiku ambayo ni 00:00. Kwa anayeamka kula daku, basi, kengele iwe 04:00 au kabla yake.

Nashauri simu ipangwe kwenye mfumo wa saa 24, usiwe ule wa saa 12 wenye herufi za asubuhi na jioni, kwa sababu katika mfumo wa saa 12 mtu huweka 4 bila kutazama herufi na kengele ikalia saa kumi ya jioni. Wapo wazee wanaorudisha saa ya simu nyuma kwa saa sita ili isomeke kwa Kiswahili. Naelewa wanachokitafuta, lakini siwashauri, maana simu ikijirekebisha kwa mtandao hurudi ilikokuwa bila kuwaambia, na kengele zote huharibika.

Kwa wanaoishi karibu na Mto Ruvuma, kama Kilambo, Kitaya na Mtambaswala, kuna jambo la ziada. Msumbiji iko nyuma yetu kwa saa moja. Simu ikishika mnara wa ng'ambo ya mto, nayo imeruhusiwa kujirekebisha saa, hujirudisha nyuma saa nzima, na aliyetaka kuwahi basi la Dar es Salaam huamka limeshaondoka. Ingia kwenye mipangilio ya saa, zima kujirekebisha kwa mtandao, weka saa kwa mkono. Kwenye simu nyingi za Nokia kengele hulia hata simu ikiwa imezimwa, mradi betri ina chaji, kwa hiyo unaweza kuizima usiku na bado ukaamshwa.

Na salio linaliwa na mtandao wa Msumbiji?

Linaweza kuliwa. Kupiga au hata kupokea simu ukiwa umeshikwa na mnara wa nchi nyingine hutozwa kwa bei ya ugenini. Tazama jina la mtandao kwenye kioo kabla ya kupiga. Likiwa si la kwako, ingia kwenye mipangilio, tafuta uchaguzi wa mtandao, uuondoe kwenye kujichagulia na uchague mtandao wako kwa mkono. Ukisafiri mbali na mto, rudisha kwenye kujichagulia. Ukimpigia ndugu aliye Msumbiji ukiwa hapa nchini, anza na +258.

Naongezaje salio kwa vocha, na naliangaliaje?

Kwangua vocha taratibu kwa ukucha au sarafu. Andika *104* kisha namba za vocha, malizia na reli, bonyeza kijani. Kuangalia salio ni *102#. Ukiwa na shida na mtandao wako, huduma kwa wateja ni 100.

Kutuma na kupokea fedha kwa simu hii kunawezekana?

Kunawezekana kikamilifu, na kwa maoni yangu hili ndilo jambo la kwanza ambalo mtu mzima anapaswa kulifanya kwa mkono wake mwenyewe. M-Pesa hufunguliwa kwa *150*00#, Airtel Money kwa *150*60#, Mixx by Yas, iliyokuwa Tigo Pesa, kwa *150*01#, na HaloPesa kwa *150*88#. Andika, bonyeza kijani, usubiri. Itakuja orodha yenye namba. Bonyeza kitufe cha kujibu, andika namba ya unachokitaka, tuma, kisha orodha nyingine itafuata. Menyu hizi zina haraka, ukichelewa hujifunga. Zikijifunga kabla hujaandika namba ya siri na kuthibitisha, hakuna fedha iliyotoka, kwa hiyo anza upya bila hofu.

Kabla ya kuthibitisha, menyu hukuonyesha jina la unayemtumia. Lisome mpaka mwisho, hata kama nyuma yako kuna foleni kwa wakala. Ukishatuma kwa namba isiyo yake, piga 100 mara moja kabla mpokeaji hajazitoa.

Namba ya siri huibonyeza mwenye simu. Wakala mwema hageuki kutazama, wala hakuulizi, na mtoto wako mwenyewe hana haja ya kuijua ili akusaidie. Anaweza kukuongoza kwa maneno mpaka pale inapotakiwa, kisha akatazama pembeni. Kama umekuwa ukiitaja kwa sauti dirishani, ibadilishe leo kupitia menyu ya akaunti yako. Usiweke mwaka wako wa kuzaliwa, kwa sababu umeandikwa kwenye kitambulisho chako na hata kwenye tarakimu za mwanzo za namba yako ya NIDA.

Nimepata meseji inayosema "ile hela tuma kwenye namba hii". Nifanyeje?

Usitume. Ujumbe huo hutumwa kwa watu wengi kwa mpigo, kwa matumaini kwamba mmoja wao ana deni au ada ya mtoto ambayo alikuwa karibu kuilipa. Kila unapodaiwa fedha kwa meseji, mpigie unayemdhania kwa namba uliyokuwa nayo zamani, usikie sauti yake.

Huku kwetu hatari huongezeka kuanzia Oktoba, minada ya korosho inapoanza na malipo kupitia vyama vya ushirika, vya TANECU, MAMCU, RUNALI na Lindi Mwambao, yanapoingia kwenye akaunti za wakulima. Tapeli anajua kwamba unasubiri ujumbe wa malipo. Anaweza kupiga akijiita karani wa chama cha msingi au mtu wa benki, akasema malipo yako yamekwama na yatafunguka ukimtajia namba ya siri, au ukibonyeza namba anazokusomea. Kata simu. Malipo ya korosho hayahitaji namba yako ya siri, na mwenye shaka aende ofisi ya chama chake cha msingi kwa miguu. Meseji ya kweli ya muamala huja kwa jina la huduma, haiji kutoka kwenye namba ya mtu ya kawaida, na hata hiyo usiitegemee peke yake. Fungua menyu utazame salio lako.

Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040, na ukiulizwa, andika namba iliyokutumia. Pia bonyeza *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, na ukikuta usiyoijua, iripoti kwa mtandao husika. Kama watu wanalalamika kwamba wakikupigia anapokea mtu mwingine, huenda ulishabonyezeshwa namba za kuhamisha simu zako. Andika ##002# ubonyeze kijani, na uhamisho wote utafutwa.

Simu inaniuliza PIN, na sasa inataka PUK.

Acha kujaribu. PIN ikikosewa mara tatu laini hujifunga na kudai PUK yenye tarakimu nane, na PUK ikikosewa mara kumi laini hufa kabisa. PUK imechapwa kwenye kadi uliyochomolea laini. Kama huna kadi hiyo, piga 100 kwa simu nyingine ya mtandao huohuo. Kama simu yenyewe, si laini, ndiyo inadai namba ya usalama, kwenye Nokia nyingi za zamani ambazo hazikubadilishwa namba hiyo ni 12345.

Tochi na redio?

Kwenye Nokia 105 bonyeza kitufe cha kupanda juu mara mbili. Kwenye Nokia 1100 shikilia C. Kwenye nyingine jaribu kushikilia sifuri. Redio huhitaji visikilizio vichomekwe hata ukitaka kusikiliza kwa spika, kwa sababu waya wake ndio antena. Ukinyoosha waya huo, stesheni huja vizuri zaidi.

Mama hasikii vizuri na macho yamepungua nguvu. Kuna namna ya kumrahisishia?

Ipo, na ni ya dakika chache. Weka mlio mkubwa pamoja na mtetemo, kuza herufi kama simu inaruhusu, na mwonyeshe kitufe cha spika wakati wa maongezi. Kisha panga namba za haraka: kitufe cha 2 kiwe cha mtoto mkubwa, cha 3 cha jirani, cha 4 cha muuguzi au mhudumu wa afya wa kijiji. Hapo atakuwa anashikilia kitufe kimoja tu na simu inapiga. Kitufe cha 5 kina kijinundu katikati, ambacho kidole hukitambua hata gizani. Mfundishe kuanzia hapo kuhesabu juu na chini. Mwache apige mwenyewe mbele yako, akosee, arudie. Ukimnyang'anya simu ili umalizie haraka, kazi yote itakuwa imeishia hapo.

Chaji haikai, na fundi anasema ni unyevu wa bahari. Ni kweli?

Inaweza kuwa kweli, hasa kwa wanaokaa ufukweni kama Shangani, Msimbati au Kilwa Kivinje. Hewa ya chumvi huota kutu ya kijani kwenye shaba za betri na za laini. Zima simu, toa betri, futa shaba kwa pamba yenye spiriti kidogo, acha ikauke. Kabla ya kununua betri nyingine, kagua uliyonayo: ilaze mezani na uizungushe kwa kidole. Ikizunguka kwa wepesi, imevimba tumbo na haifai tena. Usiitoboe wala usiitupe motoni. Unapokwenda kununua, beba ile ya zamani, kwa sababu betri za Nokia zina maandishi yake, kwa mfano BL-5C, na ni bora zilingane. Angalia pia mdomo wa chaja, maana Nokia nyingi za zamani hutumia pini nyembamba ya mviringo ambayo haiingiliani na waya bapa wa simu za kisasa. Kwa wanaochajisha kwenye vibanda vya sola, toa laini kabla ya kuiacha simu.

Imeanguka baharini nikishusha samaki. Niitie kwenye mchele?

Mchele hausaidii kitu ambacho hewa haiwezi kukifanya. Kinachoua simu ni chumvi, nayo hufanya kazi haraka betri ikiwemo. Usiiwashe ili ujaribu. Toa betri na laini papo hapo, suuza simu, bila betri, kwa maji baridi safi ili chumvi itoke, ikung'ute, kisha iache ifunuliwe kivulini penye upepo kwa siku mbili au zaidi. Jua kali hukunja kioo. Ikiwezekana fundi aifungue aisafishe kwa spiriti kabla ya kuwashwa.

Simu imepotea. Nianze na nini?

Anza na laini, kwa kuwa fedha zako ziko kwenye laini. Azima simu ya mtandao huohuo, piga 100, omba laini na akaunti ya fedha zifungwe, kisha uende kituo cha polisi kuripoti, ukiwa na ile IMEI uliyoiandika kwenye daftari siku uliyonunua simu. Baadaye nenda dukani kwa mtandao wako na namba yako ya NIDA, uthibitishe kwa alama za vidole, upewe laini mpya yenye namba ileile. Majina yaliyokuwa kwenye laini ya zamani hayarudi nayo. Utayaingiza upya kutoka kwenye daftari.